Prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya GB 16, au Ryzen 5 7600 na kadi ya GB 8: nijenge ipi?

KijanaWaPikseli
Wakuu salaam. Nimedunduliza karibu mwaka mzima na sasa nataka kuunga kompyuta ya gemu ya nyumbani, ya kwanza kwa mikono yangu mwenyewe. Nimebaki na njia mbili, na jumla yake inakaribiana mno, kwa hiyo mfuko hauwezi kuniamulia.

Njia ya kwanza: Ryzen 5 5600, madabodi (bodi kuu) ya B550, RAM GB 16 za DDR4, kadi ya Radeon RX 9060 XT yenye memori ya GB 16.

Njia ya pili: Ryzen 5 7600, madabodi ya B650, RAM GB 32 za DDR5, kadi ya GeForce RTX 4060 yenye GB 8.

SSD, kesi na pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) ni zilezile kotekote. Ya kwanza ina kadi kubwa lakini soketi yake ya AM4 (pale prosesa inapokaa kwenye madabodi) iko ukingoni. Ya pili soketi ni mpya, AM5, kadi ndiyo ndogo. Nikilala na jibu hili, naamka na lile. Naombeni mchango wenu.

FundiBisibisi
Kabla ya yote, skrini yako ni ya ukubwa gani wa pikseli, na unacheza gemu za aina gani? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

KijanaWaPikseli
Samahani fundi, nilisahau. Skrini ninayo tayari, ni 2560 kwa 1440, Hz 165 (inabadilisha picha mara 165 kwa sekunde). Nacheza zaidi gemu za hadithi zenye dunia kubwa ya kuzunguka. Mpira nacheza na mdogo wangu siku za mapumziko. Za mashindano ni mara chache sana.

FundiBisibisi
Basi mimi nakwenda na njia ya kwanza, na sababu yangu ni hiyo skrini.

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Yako ina 3,686,400. Kila fremu (picha moja ya gemu), kadi yako inapaka rangi karibu mara 1.8 ya kazi ya mwenzako mwenye skrini ndogo. Prosesa haioni tofauti hiyo. Kazi yake ni kupanga wahusika waende wapi, mpira udunde vipi, nini kipelekwe kwenye kadi kichorwe, na hesabu hiyo ni ileile uwe na skrini ndogo au kubwa. Kwa hiyo kadiri pikseli zinavyoongezeka, mzigo unahama kutoka kwa prosesa kwenda kwa kadi. Kwa gemu zako na skrini yako, 5600 yenye viini 6 (sehemu za kupiga hesabu) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja) mara nyingi itakuwa inaisubiri kadi, hata hiyo kubwa.

Angalizo moja dukani: usipewe 5600G ukidhani ni 5600. Ile yenye G ina kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na prosesa.

Mzee_Soketi
Fundi nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwaka 2017 niliunga yangu kwa Ryzen ya kizazi cha kwanza, soketi ya AM4. Miaka mitano baadaye nikasasisha BIOS (programu ya ndani ya madabodi), nikatoa prosesa ile, nikaweka 5800X3D juu ya madabodi ileile na RAM ileile. Gemu zilizokuwa zinakwamakwama zikawa laini jioni hiyohiyo. Uhai huo ndio AM5 inao sasa. Imetoka 2022, AMD wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na zaidi, na madabodi ya B650 ukiisasisha BIOS inapokea hata prosesa ya 9800X3D ya mwaka 2024.

Kadi kijana ataibadilisha kwa dakika kumi: skrubu mbili, waya wa umeme, kishikizo cha PCIe, basi. Soketi ikifika mwisho anabadilisha prosesa, madabodi na RAM kwa mpigo mmoja. Ni afadhali aanze na msingi, kadi itafuata.

DadaFremu
Mzee wangu, hoja ya soketi ni nzito na siipingi. Ninachopinga ni GB 8 kwenye skrini ya 1440. Niliishi na kadi ya GB 8 kwenye skrini kama hiyo, naomba nieleze nilichokiona.

Unaingia mji mkubwa ndani ya gemu, hesabu ya fremu kwa sekunde inasoma vizuri tu, 70 na kitu. Halafu unageuka kona na ukuta ulio mbele yako uko kama udongo uliolowa, hauna tofali wala nyufa. Sekunde mbili, tatu, ndipo tofali zinajitokeza. Ukikimbia haraka, picha inaganda kidogo, inaendelea, inaganda tena. Nilibadilisha draiva, nikasafisha feni, nikalaumu SSD. Kumbe memori ya kadi ilikuwa imejaa.

Sababu yake ni hii. RTX 4060 inasoma memori yake kwa kasi ya GB 272 kwa sekunde. Ikijaa, tekscha zinazokosa nafasi (zile picha zinazopakwa juu ya kuta, ardhi na nguo za wahusika) zinawekwa kwenye RAM ya kompyuta, na kadi inazifuata huko kupitia PCIe. Kadi hiyo inatumia njia 8 tu za PCIe 4.0, ambazo ni kama GB 16 kwa sekunde. Yaani kasi imeshuka mara 17 kwa kitu unachokihitaji sasa hivi. Ukiichomeka kwenye madabodi ya PCIe 3.0, inabaki nusu ya hiyo. RX 9060 XT inatumia njia zote 16, na kwa GB 16 haitakuwa na haja ya kuhangaika huko mara kwa mara.

Unaweza kushusha ubora wa tekscha, ni kweli. Lakini tekscha ndicho kitu kinachopendezesha gemu bila kuichosha kadi kama nafasi ipo. Inauma kuanza kukishusha kwenye kompyuta mpya.

Tundu_la_Skrubu
Nitaje na prosesa ya Intel, Core i5-12400F. Nayo ina viini 6 na nyuzi 12, zipo madabodi za soketi yake, LGA 1700, zinazopokea DDR4, na soketi hiyo inakufikisha hadi kizazi cha 14. Ukiipata kwa nafuu kuliko 5600 usiiache. Kumbuka tu F maana yake haina grafiki ya ndani. 5600 nayo haina. 7600 ndiyo inayo.

Mzee_Soketi
Hapo umenikumbusha jambo. Kijana anaweza kuanza na 7600 bila kadi yoyote, akatumia grafiki ya ndani huku anadunduliza, akaja kununua kadi ya GB 16 baadaye. Dada, kuhusu GB 8 kwa 1440 nimekuelewa, hiyo naiondoa.

DadaFremu
Grafiki ya ndani ya 7600 ni ndogo sana, mzee. Inafaa kuonyesha dirisha, kuangalia video, na kujua tatizo liko wapi kadi ikigoma, na kwa hilo la mwisho ni msaada mkubwa. Gemu za dunia kubwa kwa 1440 haiziwezi. Kijana amesubiri mwaka mzima tayari.

Nuru88
Ndugu zangu, mmeruka pawasaplai. Kijana, hiyo uliyoandika "ni ileile kotekote" ni ipi?

KijanaWaPikseli
Inakuja ndani ya kesi, dada. Imeandikwa wati 600. Kesi yenyewe ina kioo na feni nne za taa.

Nuru88
Iache. Nakuomba kabisa.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo, ilikuja na kesi, maandishi makubwa ya wati ubavuni. Ilidumu miezi saba. Usiku mmoja niko katikati ya gemu ikalia "tap", skrini nyeusi, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Madabodi ilikwenda nayo. Fundi aliyeifungua alinionyesha: haikuwa na ulinzi wowote wa maana ndani, na ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu.

Kwa vifaa vyako huhitaji wati za kutisha. RX 9060 XT ya GB 16 imepimwa wati 160, prosesa 65, na hata ukijumlisha feni, SSD na vilele vya ghafla vya umeme bado uko mbali na 450. Wati 550 za kweli zinatosha, 650 zinakuachia nafasi ya kadi ya baadaye. Tazama wati za upande wa volti 12 kwenye kibandiko, maana prosesa na kadi vinakula huko. Cheti cha 80 Plus kinakueleza umeme kiasi gani unapotea kwa joto, hakikuelezi ulinzi, kwa hiyo soma vipimo vya watu walioifungua modeli hiyohiyo. Ukibanwa, punguza kwenye kesi.

FundiBisibisi
Naunga mkono neno kwa neno. Kesi yenye matundu mbele na feni mbili inapoza vizuri kuliko ya kioo iliyozibwa.

KijanaWaPikseli
Nimeamua. Njia ya kwanza, kesi ya kawaida bila taa, na fedha ya taa inakwenda kwenye pawasaplai ya wati 650. Mzee, najua soketi yangu ni ya zamani. Ikibidi nitafuata nyayo zako, nitatafuta 5800X3D iliyotumika. Sasa naombeni ya kuunga: RAM ni vijiti viwili vya GB 8, madabodi ina nafasi nne.

Mzee_Soketi
Umechagua kwa sababu zinazoeleweka, nimeridhika. Ukihesabu kutoka kwenye prosesa, weka nafasi ya pili na ya nne, ili chaneli zote mbili (njia za RAM kwenda kwa prosesa) zifanye kazi. Kisha ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi iliyoandikwa kwenye RAM), la sivyo RAM itakimbia kwa kasi ndogo ya kuanzia.

Madabodi za B550 zilianza kutoka kabla ya 5600, hivyo iliyokaa muda dukani inaweza kukataa kuwaka mpaka BIOS isasishwe. Chagua yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

DadaFremu
Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye madabodi. Na ukishawasha, nenda mipangilio ya skrini uchague Hz 165, kwa sababu mara nyingi inaanza na 60. Kaka yangu alicheza miezi mitatu kwa 60 kwenye skrini ya 144. Siku tuliyobadilisha alisogeza kishale cha mausi tu, akaniita nije nione.