Picha zimetoweka baada ya kusasisha Nextcloud kwenye kontena: je, zinaweza kurudi?

Muulizaji, Nkuhungu
Ndugu zangu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8 na Ubuntu, niliyoigeuza seva ya nyumbani ili picha za watoto zisibaki kwenye simu peke yake. Nilisimika Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe) kwa Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani kisanduku kilichotengwa na mfumo, kwa amri ya mstari mmoja niliyoinakili mtandaoni, nikawa naifungua kwenye bandari ya 8080. Jumamosi nilivuta toleo jipya, nikalifuta kontena la zamani kwa `docker rm`, kisha nikawasha jipya. Kilichonipokea ni ukurasa wa kumsajili msimamizi, kana kwamba ndiyo kwanza naanza. Je, nimefuta kila kitu?

Fundi wa Kizota
Pole sana, ndugu, ila usikate tamaa bado. Ulipoliwasha kontena la kwanza bila kulitajia mahali pa kuweka data, Docker ilitengeneza yenyewe voliumu isiyo na jina, yaani hifadhi ya data iliyo nje ya kontena, kwa kuwa imeji ya Nextcloud (kiolezo cha kuundia kontena) imeagizwa kufanya hivyo kwa folda ya `/var/www/html`. Amri ya `docker rm` haiigusi voliumu hiyo, isipokuwa uwe uliongeza `-v`, au kontena liwe lilianzishwa kwa `--rm`. Andika `docker volume ls`; utaona majina ya herufi na tarakimu 64, marefu kuliko hata tokeni ya LUKU. Kisha pima ukubwa kwa `sudo du -h -d 1 /var/lib/docker/volumes`. Ile nzito ndiyo yenye picha zako.

Mkazi wa Ilazo
Naomba niongeze onyo: usithubutu kuendesha `docker volume prune`, ingawa wengi huishauri diski inapojaa. Tangu toleo la 23 la Docker, amri hiyo hufuta hasa voliumu zisizo na jina ambazo hazitumiwi na kontena lolote, yaani hiyo hiyo unayoitafuta. Nayasema haya nikiwa nimeshayalipia kwa picha za harusi ya mdogo wangu.

Muulizaji, Nkuhungu
Nimeipata, ina GB 41! Nifanyeje sasa?

Fundi wa Kizota
Simamisha kontena jipya. Nakili yaliyomo ndani ya folda ya `_data` ya voliumu hiyo kwenda `/srv/nextcloud` kwa `sudo cp -a`, ili umiliki wa mafaili usibadilike, na voliumu ya asili uiache ilivyo. Fungua `version.php` usome toleo la zamani, kwa sababu Nextcloud haikubali kuruka toleo kuu hata moja. Halafu andika faili la Compose, yaani la maelekezo ya kuwasha kontena, lenye `/srv/nextcloud:/var/www/html`, ukitaja namba ya toleo badala ya `latest` (lebo ya kuvuta toleo jipya lililopo), ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuponza.

Muulizaji, Nkuhungu
Lilikuwa toleo la 27, nami nilikuwa nimevuta la 29. Nimepitia 28 kwanza, nikasubiri limalize, ndipo nikapanda 29. Albamu zote zimerudi, na usiku huu nanakili folda nzima kwenye diski ya nje kabla sijagusa kitu kingine.