Kuezeka Nyumba ya Bibi, Tukuyu

Tusekile, Jumatano saa 1:05 usiku
Shikamooni wakubwa, na nyinyi wadogo zangu habari za jioni. Mafundi wanataka jibu kesho kuhusu Jumamosi. Nimefungua ramani ya hali ya hewa ya Windy, nikaweka alama juu ya Tukuyu yenyewe, nikauvuta mstari wa saa ulioko chini hadi Jumamosi: kuanzia alfajiri mpaka saa 8 mchana hakuna rangi ya mvua, kisha saa 9 bluu inaingia kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Tukianza kuezua saa 12 asubuhi, bati jipya litakuwa juu kabla ya hapo.

Tusekile, saa 2:40 usiku
Watu kumi na mmoja wamesoma na hakuna aliyejibu.

Shangazi Atupele, saa 3:02 usiku
Mwanangu, mwaka jana pia ulisema hakuna mvua, nikaanika maharage, nayo yakaloa madebe sita. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alama yako ilikuwa Mbeya mjini.

Tusekile, saa 3:06 usiku
Shangazi, kosa lile lilikuwa langu na linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana safari hii nimelinganisha modeli mbili, yaani mifumo ya kompyuta inayokokotoa utabiri: ile ya Ulaya, inayoigawa ardhi katika viraba vya kilomita 9, inaleta mvua alasiri, na ile ya Marekani, GFS, inaonyesha ukavu siku nzima. Nimeifuata yenye tahadhari.

Lusajo, saa 3:10 usiku
Dada, naomba ramani ituonyeshe pia wingu la pilau litatua kwa nani.

Ambwene, saa 3:11 usiku
Mimi ningependa wingu la ndizi na nyama.

Tusekile, saa 3:15 usiku
Jamani, turudi kwenye paa.

Baba Mkubwa, Alhamisi saa 11:50 alfajiri
Nimesoma yote. Miaka niliyokuwa bwana shamba nilisoma kipimamvua kila siku saa 3 asubuhi, na Mei ya Tukuyu haijawahi kuwa Mei ya Mbeya. Mlima Rungwe una zaidi ya mita 2,900. Upepo wa ziwani ukiupanda, hunyesha kwetu hata kama mjini vumbi linatimka, na kiraba cha kilomita 9 huchanganya kilele na bonde kikavipa urefu mmoja. Mama analala chini ya paa hilo. Mtaezua upande wa jikoni tu, na turubai liwe uwanjani kabla bati la kwanza halijang'olewa.

Tusekile, saa 12:20 asubuhi
Tumesikia, Baba Mkubwa. Utabiri huo huandaliwa upya mara 4 kwa siku, kwa hiyo nitautazama tena Ijumaa usiku, na Jumamosi alfajiri nitaangalia picha za setilaiti kabla mafundi hawajapanda ngazi. Turubai la matanga liko kwa nani?

Shangazi Atupele, saa 12:31 asubuhi
Liliondoka na gari la Ambwene.

Ambwene, saa 2:15 usiku
Shikamooni. Turubai liko Kyela, nalo lina tundu linalopitisha mkono wa mtu mzima. Je, mafundi waliopatana bei ya siku moja, siku ya pili atawalipa nani?