Jirani mpya amefunga njia na nyumba yangu iko nyuma, nifanyeje?

Mkaazi wa Kaloleni: Hamjambo wenzangu, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya ardhi. 2011 nilinunua nusu eka huku Kaloleni, kaunti ya Kilifi, kwa mzee mmoja, shamba lake lilikuwa kubwa, akanikatia upande wa nyuma yeye akabaki mbele. Njia alinionyesha kwa mkono tu, mtapita hapa kando ya mwembe mpaka barabarani, na kweli tumepita miaka 13, pikipiki, mkokoteni, hata lori la mawe ya kujengea lilipita hapo hapo. Mzee akafariki, mwaka jana wanawe wakauza ile ya mbele. Aliyenunua amezungusha seng'enge kote na geti lina kufuli, anasema kwa taito yake hakuna njia. Sasa watoto wakienda shule wanapenya kwenye minazi ya jirani mwingine na huyo naye ameanza kununa. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, uchungu ukimshika usiku gari litaingilia wapi? Chifu ameita kikao mara mbili, jamaa haji. Je hii miaka 13 hainipi haki? Na nikiikata ile waya nitakuwa na makosa?

Wakili wa mashinani: Pole sana ndugu. Waya usiikate tafadhali, utashtakiwa kwa kuharibu mali na hapo mwenye kosa utakuwa wewe. Kuhusu miaka, sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, kifungu cha 32, inataka miaka 20 ya kupita waziwazi, kwa amani, bila kukatizwa na bila kuomba ruhusa. Wewe una 13, na usijaribu kujumlisha miaka ya mzee kwa sababu yeye alikuwa akipita kwenye shamba lake mwenyewe, mtu hawezi kuwa na haki ya njia juu ya ardhi yake.

Lakini usikate tamaa, soma Sheria ya Ardhi ya 2012 kifungu cha 140. Ardhi iliyozingirwa isiyo na pa kutokea, mwenyewe anaweza kuomba mahakama itoe amri ya kupewa njia. Hakimu ataangalia uliponunua kulikuwa na njia gani, imekuwaje ukafungiwa, nyinyi wawili mmeenendeanaje, na ataipima shida yako ukikosa njia na shida ya jirani akikupa. Kwako wewe nguvu iko hapo kwa sababu shamba lilikuwa moja, mwenyewe ndiye aliyeligawa, na njia ilikuwa inatumika siku unanunua. Jiandae tu kwamba unaweza kuamriwa umlipe fidia.

Saveya mstaafu: Nimepima mashamba miaka mingi. Kabla ya wakili nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uombe ile mutesheni, yaani fomu na mchoro wa kugawa shamba, ya wakati mzee anakukatia pamoja na ramani ya eneo. Mara nyingi saveya huwa ameacha barabara kwenye karatasi ila chini hakuna aliyeifungua, watu wanafuata kijia cha mwembe. Ikiwa ipo kwenye ramani basi kazi ni nyepesi, yeye ndiye amezungusha ua juu ya barabara, na mambo ya mipaka na bikoni (alama za mpaka) yanaanzia kwa msajili wa ardhi, kortini hawatakusikiliza kama msajili hajaamua.

Dada wa Kwale: Sisi yalitupata haya haya, tukagombana na jirani karibu miaka mitatu, salamu hakuna, hata msibani kwao hatukwenda na mpaka leo naumia nikikumbuka. Mwisho wazee waliketi nasi tukakubaliana tumlipe kile kipande cha kupita gari. Nakuomba kaka, mkielewana msiishie kupeana mikono, iandikishwe kwenye rejista ya shamba lake na la kwako, ili akiuza kesho mnunuzi akifanya sachi, yaani akiikagua rejista, aione. Mzee wenu alikuwa mtu mzuri ila maneno yake alizikwa nayo.

Mkaazi wa Kaloleni: Asanteni sana. Jumatatu naenda kuulizia mutesheni. Ila wakili, miezi miwili nayo si mingi na kesi huchukua miaka.

Wakili wa mashinani: Ndio maana unapofungua kesi unaweka na ombi la dharura, mahakama iamuru geti lifunguliwe kwa muda mpaka kesi iishe. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Malindi na Mombasa. Ambatisha kadi ya kliniki ya mama, picha za geti, barua ya chifu inayosema jamaa aliitwa akakataa kuja, na watu wawili watatu waliokuwa wakipita hapo tangu 2011 waandike viapo. Hiyo barua ya chifu itafute kesho, usingoje Jumatatu.