Boxer 150, HLX ya gia 5 au AG100 ya mnadani: ipi ya kupanda nayo Mgeta?

Mwana_Uluguru

Wakuu, habari za wakati huu. Niko Moro (Morogoro) mjini, kazi yangu ya ofisini, bodaboda simo kabisa. Pikipiki naitaka kwa mambo mawili: siku za kazi mizunguko ya mjini, wikiendi nipande milimani kwa raha zangu. Mgeta hadi Nyandira, Kinole, Matombo, na Mungu akijalia siku moja Mombo hadi Lushoto. Mara nyingi mama watoto atakuwa nyuma, maana ukweni ni Langali, hukohuko Mgeta. Kule hatuendi mikono mitupu, na kurudi ndiyo usiseme: kabichi, njegere, viazi.

Bajeti milioni tatu na nusu hivi, ndani yake nitoe usajili, bima na kofia mbili za maana. Nimebaki na hizi:

1. Boxer BM150 mpya. Cc 144.8, gia 4, tanki lita 11. Spea kila kona. Kinachonikera ni kwamba nikisimama tu mahali, mtu anapanda nyuma na kusema "nipeleke Msamvu".

2. TVS HLX 125 ya gia 5, mpya. Injini ndogo kidogo, lakini ina ile gia moja zaidi.

3. Yamaha AG100 iliyotumika. Kuna taasisi inapiga mnada pikipiki za mradi uliokwisha. Nimeziona, zimechoka kwa sura ila chuma bado kipo.

Wenye uzoefu wa mlima karibuni. Anayetaka kuniambia ninunue gari, IST, aendelee na safari zake.

Fundi_Msamvu

Mkuu, pale Sangasanga ukiacha lami unaanza kudai kitu tofauti kabisa na kile unachodai mjini. Moro iko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Nyandira iko zaidi ya 1,500. Injini ya kuvuta hewa ya kawaida inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo nguvu za farasi 12 za Boxer ukifika juu zimebaki 11 hivi, na nyuma una mama watoto na gunia. HLX inaanza chini ya hapo, na yenyewe inakatwa vilevile.

Sasa gia. Boxer ina nne, na kati ya namba mbili na namba tatu kuna pengo. Kwenye mwinuko wa wastani mbili inapiga kelele, tatu inazimia. Gia tano za HLX zimekaa karibu karibu, unapata ya kukaa nayo. Mpandaji mmoja asiye na mzigo ataifurahia HLX kuliko Boxer, hilo silipingi. Wawili na viazi, nachagua cc kubwa.

Pengo la Boxer linatibika kwa sproketi, yale magurudumu ya meno ya cheni. Chukua mfano: mbele meno 14, nyuma 42. Gawanya, unapata 3. Nyuma ukiweka 45 unapata 3.2. Yaani kila gia imeongeza nguvu ya kuvuta kwa asilimia 7 bila kugusa injini, gharama yake ni sproketi moja na labda pingili mbili za cheni. Utakacholipa ni mwendo: kwenye lami ya Dar injini itazunguka zaidi kwa spidi ileile. Hesabu kwanza meno ya pikipiki yako, usinunue kwa mfano wangu.

Mzee_wa_Ugani

Vijana, niruhusuni niitetee AG100, maana wengi wenu mnaisema kwa kuiona imepaki nyuma ya ofisi ya kata.

Nimekuwa bwana shamba hadi nastaafu na hiyo ndiyo iliyonibeba. Herufi AG hazikuwekwa kwa urembo, ni pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya kilimo. Itazame vizuri. Cheni yote imefunikwa ndani ya boksi la chuma, tope halifiki, mchanga haufiki. Ninyi mnapaka cheni oili kila wikiendi, sisi tulikuwa tunasahau kama kuna cheni. Ina stendi ya pembeni kulia na kushoto, kwa sababu shambani hujui mteremko utakuwa upande gani. Keria mbele, keria nyuma, zote za kiwandani, si za kuchomelea. Na ni nyepesi: ikilala kwenye tope unainyanyua peke yako.

Ila injini yake ni tu-stroku (two-stroke) ya cc 97, na hapo kuna somo ambalo kijana wa Boxer halijui. Oili ya kulainisha pistoni inaingia pamoja na petroli, pampu inaipima kwa kufuata mkono wako wa mafuta. Ukishuka mteremko mrefu kama wa kutoka Nyandira huku mkono umefunga, injini inazunguka kwa kasi lakini mafuta hayaingii, na oili inaingia kidogo mno. Pistoni inakauka. Tulifundishwa kila baada ya muda mfupi upige mafuta kidogo, "vum", kisha ufunge tena. Na breki ya injini usiitegemee, tu-stroku inashuka kama mkokoteni. Utashukia breki za ngoma, na ngoma zikichemka zinalegea.

Kwa mtu mmoja na begi lake, nampa AG bila kufikiri. Kwa wawili na kabichi, mwanangu, cc 97 ni kuionea.

Binti_Pangani

Shikamoo Mzee. Na wewe Mwana_Uluguru, umemuuliza huyo mama watoto? Nauliza kwa sababu naendesha HLX na mara nyingi napakia mdogo wangu. Watu mnabishana cc na gia, hakuna anayezungumzia pa kuweka miguu. Nenda naye dukani, apande nyuma, uone magoti yake yanakaa wapi na kama ana cha kushika zaidi ya shati lako. Siti ya AG ni ya mtu mmoja na keria. Hapo hata bei haina maana tena.

HLX yangu kwa njia za kwetu ni nzuri sana, lakini kwetu tambarare. Kupanda Lushoto nimeenda nayo, tulipanda mbili na tatu mwanzo mwisho, magari yakatupita, tukafika. Sikuwa na haraka.

Nduthi_Molo

Salamu kutoka Molo, Kenya. Huku tuko juu ya mita 2,000 na nduthi (pikipiki) karibu zote unazoziona ni Boxer, na hazijakataa kupanda. Shida ya huku ni ubaridi wa asubuhi na mchanganyiko kuwa mzito: hewa ni nyepesi, kabureta inaendelea kumwaga petroli ileile, plagi inakuwa nyeusi tititi na kunywa mafuta kunazidi. Sisi tunaoishi huku tunashusha jeti kubwa (tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta) namba moja au mbili. Wewe unayepanda Jumamosi na kushuka Jumapili usiguse jeti. Ukiipunguza ukarudi bondeni itakuwa inakosa petroli, na injini iliyokosa petroli huchemka. Vumilia tu huo uzito wa siku mbili.

Kuhusu watu kukupandia nyuma, ondoa ile siti ndefu ya boda, weka ya kawaida na keria la sanduku. Huku waendeshaji wa kujifurahisha wanafanya hivyo.

Mchina_Halisi

Nyote mmemsahau mchina wa CG, pikipiki ya Kichina. Kwa hiyo bajeti anampata mpya na chenji inabaki ya kununua ng'ombe.

Fundi_Msamvu

Hajasahaulika. Nitakupa heshima yake: ule mchoro wa injini ni wa Honda CG125 ya mwaka 1976, na Honda waliuchora makusudi kwa nchi ambazo mtu anapakia kupita kiasi na kusahau oili. Waliondoa taimingi cheni ya kupanda juu kwenye hedi (kichwa cha injini), wakaweka pushrodi (vijiti vya kusukuma vali), kwa sababu cheni ile ndiyo inayoumia kwanza oili ikichakaa. Viwanda vingi vya China vikanakili. Mchoro ni mzuri. Ninachoogopa ni chuma kilichotumika, kinatofautiana kiwanda hadi kiwanda, na aliye dukani hatakuambia. Ukimpata aliyetengenezwa vizuri atakuzika, ukimpata wa hovyo utakuwa mteja wangu wa kila mwezi. Mimi sijali, ni wewe.

Moto_Kigali

Muraho na habari zenu. Huku Kigali mjadala umehamia kwenye umeme. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi kwa kazi ya teksi mjini, na kubadilisha betri kwenye vituo ni jambo la dakika chache. Na milima tunayo. Lakini mfumo unasimama juu ya vituo. Kama hapo Langali hakuna kituo, usiumize kichwa.

Mwana_Uluguru

Asanteni sana, shikamoo Mzee. Binti, umenishika pabaya, nitaenda naye Jumamosi. Maswali mawili kabla sijafunga. La kwanza, AG bado sijaitupa, nafikiri kuichukua baadaye kama ya pili, ya kwenda peke yangu. Mnadani niangalie nini? La pili, kuna jamaa ananiambia pikipiki yoyote niweke oili ya gari kwa sababu ni bei rahisi na "oili ni oili".

Mzee_wa_Ugani

Marahaba. Mnadani hawatakuruhusu kuendesha, lakini kupiga kiki hawakatazi. Piga taratibu kwa mkono, siyo kwa mguu. Ikishuka bila kukataa, ringi zimekwisha. Fungua kifuniko cha tanki la oili ya tu-stroku: likiwa kavu kabisa na lina vumbi, basi kuna mtu aliikata pampu akawa anachanganya kwenye petroli kwa kukisia, nawe hujui alikuwa anakisia vipi. Shika gurudumu la nyuma, litikise kushoto na kulia. Chungulia boksi la cheni. Likiwa limepasuka au limetolewa, faida yote niliyokusimulia haipo.

Kisha namba. Kama ni ya DFP, yaani ya mradi wa wafadhili, iliingia nchini bila kodi, na kuihamishia kwa mtu binafsi kunaamsha kodi ile. Kabla ya kunyanyua mkono uliza mbele ya watu kama bei ya mwisho ya mnada ina kodi ndani au ni juu ya mnunuzi, halafu upite TRA na namba ya chesesi. Wengi hununua rahisi, kadi ikawashinda, pikipiki ikawa ya kufukuzia kuku.

Fundi_Msamvu

La oili nalijibu kwa herufi kubwa: OILI SI OILI. Kwenye gari, oili ya injini haikutani na klachi. Kwenye Boxer, HLX na CG, klachi inaogelea ndani ya oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za gari za kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano.

Utaigundua mlimani, siyo mjini. Uko gia ya tatu, umepakia, unaongeza mafuta, injini inapaa kwa sauti lakini pikipiki haisogei zaidi. Unadhani nguvu imekwisha. Hapana, sahani za klachi zinateleza. Ukiendelea hivyo zinaungua, utasikia harufu kama breki za lori, na hapo kubadili oili peke yake hakutoshi tena.

Geuza chupa nyuma, tafuta maneno JASO MA au MA2. Hiyo ni ya klachi ya ndani ya oili. Ukiona JASO MB, ni ya skuta zenye klachi kavu, iache. Unene fuata kitabu cha pikipiki yako.

Oili_ni_Oili

Mimi ndiye huyo jamaa. Natumia ya gari mwaka wa tatu, klachi nzima.

Fundi_Msamvu

Unaendesha wapi?

Oili_ni_Oili

Kihonda hadi Masika, hapahapa Moro.

Binti_Pangani

😂😂 Tambarare tupu.

Mwana_Uluguru

Mrejesho. Tumekwenda madukani wawili. HLX niliipenda mimi. Gia zake laini, na uzito wake unashikika. Mama watoto alikaa nyuma ya zote mbili, akauliza gunia litakaa wapi, akarudi kukaa kwenye Boxer. Nimelipia Boxer. AG nimeacha mnada upite, zilikuwa za DFP na aliyekuwa anauza alipoulizwa habari ya kodi alianza kuzungumzia hali ya hewa.

Fundi, nije na sproketi ya nyuma lini? Nataka kwenda Langali mwisho wa mwezi.

Fundi_Msamvu

Hongera mkuu. Usije nayo bado. Iendeshe taratibu hadi sevisi ya kwanza, usiikamue na usiipandishe Mgeta na mzigo kabla ya hapo, pistoni na ringi bado zinazoeana. Tukishamwaga oili ya kwanza, panda nayo mara moja ikiwa na meno yake ya kiwandani, wewe na mama watoto bila gunia, uniambie ni kona zipi ilikataa namba tatu. Kama ni mbili tatu tu, huna haja ya kununua chochote. Kama ni nusu ya njia, njoo tuweke 45. Na kushuka, gia uliyopandia ndiyo ushuke nayo, ngoma za nyuma ziachie kazi ndogo.

Kitu kimoja cha haraka: waambie dukani wakuinulie madigadi ya mbele kabla hujaichukua. Udongo mwekundu wa kule masika unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na utaukwangua kwa kijiti njiani huku mkeo anakuangalia.