Mjadala: Je, Mto Nyando uachiwe mafuriko yake ili kuwapunguza samaki wageni?

Mleta hoja (Kisumu): Mradi wa bwawa la Koru-Soin, la kuzuia maji ya Mto Nyando unaomwaga Ziwa Viktoria, unapozungumziwa, tunasikia habari za maji ya mifereji na za kuwakinga watu wa uwanda wa Kano dhidi ya mafuriko. Samaki hawatajwi. Naomba tujadili kama bwawa hilo lipewe sharti la kuachilia maji mengi kila msimu wa masika, kwa sababu ya vile vidimbwi vya kando ambako maji ya mto hutulia na samaki wachanga hukulia.

Hoja yangu inatoka Mto Green nchini Marekani, ambao tangu miaka ya 1960 umezuiwa na bwawa la Flaming Gorge. Samaki wadogo wa kigeni, kama yule anayeitwa red shiner, hujaa katika vidimbwi vya kando na kula vibuu vya samaki wa asili. Watafiti wa mito ya bonde lile wameona kwamba mwaka wenye mafuriko makubwa, samaki hao hupungua: mkondo huwasomba, na kwa kuwa maji hukaa baridi muda mrefu zaidi, msimu wao wa kuzaa hufupika. Mwaka wa maji haba huwa kinyume chake, kwa maana vidimbwi hupata joto mapema na samaki hao wageni huzaa mara kadhaa. Samaki wa asili wamezoea mafuriko tangu zamani. Ningu, samaki wetu wa asili wa Ziwa Viktoria, naye hupanda mto kuzaa mvua inapoanza. Akikosa ishara hiyo, atapandia nini?

Mvuvi (Siaya): Ndugu yangu, kuhusu ningu sina ubishi. Ila mgeni wetu mkubwa ni mbuta, yaani sangara anayekula samaki wa asili, aliyeletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na huyo hafukuzwi na mkondo. Kinachomzuia ni uhaba wa oksijeni katika maji yaliyotuama chini ya mafunjo, ambako samaki wa asili kama fulu, kamongo na mumi wanaishi bila shida. Ngege, tilapia wetu wa asili, ambaye karibu atoweke kabisa katika ziwa kubwa, amesalia katika ziwa dogo la Kanyaboli kwa sababu kinamasi cha Yala kimesimama kati ya maziwa hayo mawili kama ukuta, ingawa tilapia wa Nile, mgeni mwingine, amekwisha kupenya. Sasa mwaga maji mengi yenye kasi, yafungue njia ndani ya mafunjo na kuleta oksijeni: utakuwa umemfungulia mbuta mlango. Dawa ya Mto Green inaweza kuwa sumu huku.

Mkulima wa mpunga (Ahero): Mnabishana juu ya samaki, na sisi maji yanapokuja tunahamia shuleni na watoto. Neno “mafuriko” lisitumiwe kirahisi namna hiyo.

Mchangiaji (Naivasha): Namuunga mkono mzee wa Siaya, na ninaongeza mfano wa huku Kaunti ya Nakuru. Kapi, samaki wa kigeni, hakupandikizwa Ziwa Naivasha kwa mpango wowote. Inaaminika alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia na kuteremka na Mto Malewa wakati wa mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998. Miaka michache baadaye alikuwa ndiye anayejaza nyavu. Maji yale yale yanayomsomba mgeni kutoka kidimbwi kimoja humpeleka kwingine. Tena kumbukeni kwamba mpango wa serikali wa mwaka 2009 ulilenga mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140, na tilapia wa Nile alikuwa miongoni mwa samaki wakuu waliofugwa humo.

Mleta hoja: Mama wa Ahero, sitaki maji yavuke kingo hadi nyumbani kwa mtu, nazungumzia maji yanayojaza mkondo bila kuufurika, yaachiliwe mwanzoni mwa masika ningu anapopanda, kisha yapunguzwe polepole ili vifaranga wasiachwe mahali pakavu. Kwa mvuvi nasema hivi: kinachomzuia mbuta ni mafunjo, na katika mdomo wa Nyando mafunjo yanamalizwa na moto na mashamba hata kabla ya bwawa. Kwa hiyo narekebisha sharti ninalolipendekeza: maji yaachiliwe, lakini kinamasi cha mdomoni kisiguswe, na kila bwawa la kufugia lililo kwenye uwanda wa mafuriko liwe na kingo zilizoinuliwa juu na wavu kwenye tundu la kutolea maji. Anayelipinga aseme ni kipande kipi anachokikataa.

Mvuvi (Siaya): Ninachokikataa ni mpangilio. Anza na kinamasi; maji ya bwawa tutayazungumza mafunjo yakisharudi.