Kompyuta inaunganishwa na Wi-Fi lakini inakosa intaneti kila baada ya siku nne

MsomajiWaUsiku

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kuhusu tatizo ambalo limenisumbua kwa majuma matatu sasa na ambalo, kusema kweli, limeanza kunifanya nifikirie kununua kompyuta nyingine. Nina kompyuta mpakato yenye Windows 11 ninayoitumia nyumbani, na huunganishwa na ruta kwa Wi-Fi peke yake. Hufanya kazi bila kasoro kwa siku nne, kisha asubuhi ya siku ya tano naiwasha na kukuta alama ya dunia mahali pa alama ya mawimbi, pamoja na maelezo kwamba hakuna intaneti. Jina la mtandao wangu linaonekana, nenosiri linakubaliwa na mawimbi yamejaa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wakati huohuo simu tatu za humu ndani, tabuleti, televisheni na kompyuta ya mezani zinaendelea kama kawaida. Nimekwisha kuwasha upya kompyuta mara nyingi, nimeufuta mtandao na kuingiza nenosiri upya, na nimeondoa kiendeshi cha kadi ya Wi-Fi na kukisakinisha tena. Kinachosaidia ni kimoja tu, nacho ni kuizima ruta na kuiwasha: hapo mambo hurudi na ninapata siku nne nyingine za amani. Mhudumu wa kampuni inayoniletea intaneti, niliyempigia simu, aliniambia kwamba laini yao ni nzima na akanishauri ninunue ruta mpya. Je, ni ruta iliyochoka au ni kadi ya kompyuta yangu?

Mawimbi24

Ndugu MsomajiWaUsiku, mimi ningeanza na mawimbi yenyewe. Masafa ya GHz 2.4 yamesongamana sana katika nyumba nyingi, kwa kuwa ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu hutumia eneo hilohilo. Ingia kwenye ruta uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, au uhamishe kompyuta kwenye GHz 5 ikiwa kadi yake inaruhusu. Ikiwa una diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na antena ya kompyuta, ichomoe kwanza, kwa sababu vifaa vya aina hiyo hutoa kelele katika masafa ya 2.4. Fungua pia orodha ya vifaa vya kompyuta, bofya kadi ya Wi-Fi, na katika sehemu ya umeme uondoe ruhusa inayoiwezesha Windows kuizima kadi ili kuokoa betri. Ruhusa hiyo imewatesa watu wengi, nami nikiwa mmoja wao.

Fundi_Nyaya

Namheshimu Mawimbi24, na ushauri wake ungefaa kama muuliza swali angekuwa analalamikia kasi ndogo au mawasiliano yanayokatika na kurudi kila baada ya dakika chache. Hata hivyo, msongamano wa mawimbi hauna kalenda. Hauwezi kungoja siku nne, ukaigusa kompyuta moja na kuviacha vifaa sita, kisha ukaondoka pale ruta inapozimwa. Kadi iliyozimwa ili kuokoa betri nayo isingeonyesha mawimbi yaliyojaa na nenosiri lililokubaliwa.

Kabla ya kurekebisha chochote, ni lazima tujue njia imekatika wapi. Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye tovuti kuna hatua kadhaa: kadi kushikana na ruta, ruta kuipa kompyuta anwani, ruta kutoka nje kupitia mtoa huduma, na mwishowe majina ya tovuti kutafsiriwa kuwa anwani za namba. Ujumbe wa kwamba hakuna intaneti unakuja vilevile, iwe imevunjika hatua ya pili, ya tatu au ya nne, na ndiyo maana watu hubadilisha ruta kumbe kosa liko kwingine.

Kwa hiyo, tatizo likirudi, tafadhali usiizime ruta. Fungua dirisha la amri, andika `ipconfig /all`, kisha utuletee mistari ya kadi ya Wi-Fi. Baada ya hapo andika `ping`, amri inayopima kama anwani fulani inajibu, ikifuatiwa na anwani ya lango, yaani anwani ya ruta yako, halafu `ping 8.8.8.8`, ambayo ni anwani ya Google iliyoko nje kwenye intaneti, halafu `ping` pamoja na jina la tovuti yoyote unayoijua. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 isijibu, tatizo liko nje ya nyumba au ndani ya ruta. Namba ikijibu na jina lisijibu, tatizo ni la kutafsiri majina. Ruta yenyewe isipojibu, tutabaki humo humo kati ya kompyuta na ruta.

Kibodi

Mimi nilikuwa na hali inayofanana na hiyo, nikatumia `netsh winsock reset` na `netsh int ip reset`, nikawasha upya kompyuta, na kila kitu kikawa sawa. Jaribu tu, haiumi.

Fundi_Nyaya

Huenda haiumi, lakini amri hizo zinarudisha mipangilio ya mtandao kwenye hali ya mwanzo, na ikiwa umeweka anwani kwa mkono au una programu ya VPN, utalazimika kuipanga upya. Zaidi ya hayo zinafuta ushahidi tunaoutafuta. Tungoje majibu kwanza.

MsomajiWaUsiku

Tatizo limerudi leo asubuhi, siku ya tano kama ilivyo desturi yake. Nimefuata maelekezo bila kuigusa ruta. Anwani ya kifaa, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya Wi-Fi, inaanza na 5E, anwani ya IP ni 169.254.83.12, kinyago cha mtandao ni 255.255.0.0, na mahali pa lango hapana kitu. Kwa kuwa lango halipo, nilijaribu `ping 192.168.1.1`, ambayo ndiyo anwani ninayoiona kwenye simu, lakini haikufaulu, na 8.8.8.8 haikufaulu pia. Jambo jingine ambalo sikulitaja mwanzoni kwa kudhani halina uzito ni kwamba jana jioni mgeni wangu alijaribu kuingia kwenye Wi-Fi kwa simu yake, nenosiri likakubaliwa, lakini hakupata intaneti. Nilidhani simu yake ndiyo mbovu.

Fundi_Nyaya

Hilo la mgeni lina uzito kuliko yote uliyoandika. Anwani inayoanza na 169.254 haitoki kwenye ruta. Kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani na kukosa wa kuijibu, na kwa anwani hiyo haiwezi kutoka nje ya chumba, tukisema kwa lugha ya mtaani. Maana yake ni kwamba kadi yako ni nzima na imeshikana na ruta vizuri, ila huduma ya ruta ya kugawa anwani, inayoitwa DHCP, imenyamaza. Kwa vifaa vya zamani haikunyamaza, kwa sababu vyenyewe tayari vina anwani na vinaongeza tu muda wa kuzitumia. Imenyamaza kwa kila anayekuja upya, akiwemo mgeni wako.

Sasa kwa nini kompyuta yako, ambayo si mgeni, ichukuliwe kuwa mgeni? Tazama hiyo 5E. Herufi ya pili ya anwani ya kifaa ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikuwekwa kiwandani bali imetungwa na programu. Windows ina kipengele cha kutumia anwani za kubahatisha ili mtu asifuatiliwe katika mitandao ya hadharani, na kinaweza kupangwa kibadilishe anwani kila siku. Nahisi umekiwasha, na kila asubuhi ruta inaona kifaa ambacho haijapata kukiona, inakiazima anwani mpya, na ile ya jana inabaki imeshikiliwa hadi muda wake uishe.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kutumia kompyuta ya mezani, utafute sehemu ya DHCP, kisha utuambie mambo mawili: safu ya anwani inaanzia wapi na kuishia wapi, na muda wa kuazima ni kiasi gani.

MsomajiWaUsiku

Nimekaa kitini nikacheka peke yangu. Safu inaanzia 192.168.1.100 na kuishia 192.168.1.109, yaani anwani 10 tu, na muda wa kuazima ni dakika 10,080, ambazo nimezigawanya nikapata siku saba kamili. Vifaa vingine sita vya nyumbani vina anwani sita. Nne zilizobaki zote zimeandikwa jina la kompyuta yangu, kila moja ikiwa na anwani tofauti ya kifaa. Kwenye kompyuta, kipengele ulichokitaja kimewekwa kibadilishe kila siku, nami nakumbuka kwamba nilikiwasha nilipokuwa safarini mwezi uliopita, nikasahau kukizima. Safu fupi ya anwani sijui aliiweka nani, kwa sababu ruta niliikuta imepangwa tayari.

Mawimbi24

Nakubali kushindwa. Swali dogo tu: kwa nini kuzima ruta kulikuwa kunasaidia, wakati siku saba hazijaisha?

Fundi_Nyaya

Kwa sababu ruta nyingi za nyumbani huweka orodha ya anwani zilizoazimwa katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapokatwa. Ikiwaka inaanza na orodha tupu, vifaa sita vinachukua anwani zao, na nafasi nne zinabaki kwa kompyuta ya ndugu yetu, moja kwa kila siku. Siku ya tano hakuna kilichobaki. Angekuja mgeni mmoja mwenye simu katika siku hizo, tatizo lingetokea siku ya nne, na hapo huenda tusingeuona mpangilio wake kirahisi.

Kwa mtandao wa nyumbani kwako, zima ubadilishaji huo wa kila siku. Unaweza kuuacha kwa mitandao mingine, kwa kuwa kila mtandao uliohifadhiwa una mpangilio wake. Kisha panua safu ya ruta ifike 192.168.1.199, na ukipenda punguza muda wa kuazima uwe saa 24. Baada ya hapo andika `ipconfig /release`, halafu `ipconfig /renew`, na utapata anwani bila kuzima chochote.

MsomajiWaUsiku

Nimefanya yote. Anwani ya kifaa sasa inaanza na ile iliyoandikwa chini ya kompyuta, nimepewa 192.168.1.110, na ninaandika ujumbe huu kupitia Wi-Fi. Kabla sijaufunga mjadala, nina printa niliyoipa anwani kwa mkono, 192.168.1.120, ndiyo maana sikuihesabu miongoni mwa vile vifaa sita. Je, itaathirika?

Fundi_Nyaya

Itaathirika, ila si leo. Zamani ilikuwa nje ya safu, lakini kwa kuwa umepanua safu hadi 199, siku moja ruta inaweza kuigawa 120 kwa simu ya mtu, na vifaa viwili vikagombania anwani moja, jambo ambalo ukiliona utadhani Wi-Fi imeharibika tena. Ipe printa anwani iliyo chini ya 100, kwa mfano 192.168.1.20, au iache ipewe na ruta kisha uihifadhie anwani hiyo katika orodha ya vifaa vya kudumu. Ukishaibadilisha, kumbuka kuiongeza printa upya kwenye kila kompyuta inayoitumia, kwa sababu zitaendelea kuitafuta kwenye 120.