Misaada ya Krismasi kanisani: kwa nini tusiigawe Januari?

Wadau, Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, yakianza tu, matangazo ya Misa ya pili hurefuka. Kila jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaa mmoja, ilete mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni na nguo ambazo bado zinavalika. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wana siku yao ya kwenda kituo cha yatima, vijana wana yao, kwaya nayo isiachwe nyuma. Nisemalo hapa najua litaudhi baadhi yenu: tukusanye Desemba, kwa sababu ndipo watu wanapofungua mikono, lakini sehemu kubwa ya tulichokusanya tuigawe Januari.

Angalieni kituo cha watoto kilicho jirani na barabara kubwa, wiki ile ya mwisho ya mwaka. Asubuhi parokia, mchana wafanyakazi wa ofisi fulani na fulana zao zenye nembo, jioni wanachuo. Watoto wanaimba wimbo uleule kwa kila kundi na kunywa soda mpaka wanazikinai. Stoo inajaa sabuni. Shule zikifunguliwa, geti hilohilo halibishwi hodi na mtu.

Na hao wako kituoni, angalau wanaonekana. Mjane wa uswahilini ndiye ninayemfikiria zaidi. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa kuanzia 2016, ya kidato cha tano na sita ikafuata 2022, na ni jambo la kushukuru. Ila sare, viatu, madaftari, begi na nauli ya daladala havikufutwa. Mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza, Krismasi kwake ni kilima tu, mlima uko Januari. Zile kilo 5 za mchele alizopewa tarehe 24 haziuoni mwaka mpya, hasa kama wageni wamekuja.

Nilipolitoa hili Jumamosi moja baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinijibu papo hapo: "Kwa hiyo maskini asile pilau na wenzake?" Ale. Ana haki hiyo kama mimi, na sitaki sikukuu ya mtu igeuzwe semina ya bajeti. Itengwe sehemu ya siku hiyo, nyama iwemo. Ninachokataa ni siku moja kumeza yote.

Hoja iliyonipa shida zaidi ilitoka kwa mzee mmoja ambaye hazungumzi sana. Mchele, alisema, tunauona ukitoka. Fedha ikilala parokiani mwezi mzima, nani atatuhakikishia haitaamka ikiwa vigae vya nyumba ya mapadre? Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliowahi kuchangia kitu kimoja wakaona kingine kinajengwa.

Sasa, ugomvi huu si wa leo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaanza na manung'uniko hayohayo: wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia watu waache kunung'unika. Walisema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi hiyo, na wa kwanza kutajwa ni Stefano. Sikukuu yake ni tarehe 26 Desemba, kesho yake ya Krismasi! Kwa nini siku hiyo isisomwe taarifa ya mapato na matumizi ya misaada: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki kwa ajili ya Januari, na kaya ngapi, bila kutaja jina la aliyepokea? Najua siku hiyo mabenchi huwa matupu. Ibandikwe ubaoni basi, karatasi moja inatosha.

Kuhusu picha sitasema mengi. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na siku hizi wa kushoto ndio umeshika simu. Wanasiasa ndio kabisa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais Ruto kwenye kanisa la Soweto zirudishwe, Kanisa lisije likatumika kisiasa. Nani kwetu angethubutu, na magunia yameshashushwa madhabahuni?

Liko jambo moja ambalo hata wanaoniunga mkono huwa wanalikwepa: orodha. Tunasema jumuiya inawafahamu wahitaji wake, na ni kweli, inaijua mitaa nyumba kwa nyumba. Lakini inamkumbuka kwanza anayehudhuria. Aliyeacha kuja kwa aibu ya michango anakosa, jirani Mwislamu mwenye mgonjwa ndani hatajwi kabisa. Kama orodha inaandikwa kutoka kwenye daftari la zaka, hiyo si sadaka, ni gawio la wanahisa.

Nataka kuwasikia hasa walio kwenye halmashauri za walei (waumini wasio mapadre wala watawa), na Walutheri wenye idara za diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, zinazofanya kazi mwaka mzima. Msaada wa Januari mnautoaje: fedha mkononi, au mnalipa dukani mzazi akachukue sare na viatu? Na anayesema fedha mkononi, atueleze pia anafanyaje pale baba wa nyumba anapoiwahi.